Imani ya mtoto hufundishwa nyumbani, kanisa husaidia tu

Mwaka unapokaribia kwisha, sharika nyingi za Kilutheri hapa Tanzania huingia katika msimu wa kipaimara. Vijana wamekaa darasani muda mrefu, mara nyingi miaka miwili, chini ya mwinjilisti wa mtaa. Wamekariri Amri Kumi, Imani na Sala ya Bwana pamoja na maelezo yake, kisha wameulizwa maswali mbele ya usharika mzima. Siku yenyewe ikifika, kanisa hujaa. Mabinti wamevaa magauni meupe, wavulana wana suti mpya, shangazi wametoka mkoani na vitenge vya sare, na nyumbani turubai limeshafungwa, ndafu iko motoni na mshereheshaji anajaribu vipaza sauti. Ni siku njema. Mzazi ana kila sababu ya kumshukuru Mungu.

Ninachotaka kukizungumzia ni Jumapili zinazofuata. Mwulize mwinjilisti yeyote, atakwambia kuwa baada ya miezi michache baadhi ya vijana wale huwa hawaonekani tena. Wazazi nao hushangaa: tulimpeleka Shule ya Jumapili tangu ana miaka mitatu, tukamnunulia Biblia na kitabu cha nyimbo, hakukosa darasa, sasa amepatwa na nini? Wengi humlaumu mwalimu, simu, shule ya bweni au marafiki. Wachache hujiuliza kijana huyu amesikia nini kuhusu Mungu katika sebule ya nyumba yao, kwa sauti ya baba yake na mama yake, katika miaka yote hiyo.

Msimamo wangu ni kwamba tumelitwika darasa mzigo ambao halikuumbiwa. Darasa laweza kumpa mtoto maneno ya imani na mpangilio wake. Haliwezi kumwonyesha mtu mzima anayempenda akiiishi imani hiyo siku ya mshahara, siku ya msiba na siku ya ugomvi. Kazi hiyo ni ya nyumba, na nyumba ikiiacha, hakuna wa kuifanya kwa niaba yake.

Wala hili si wazo jipya la kuwasumbua wazazi wa leo. Kitabu kilekile kinachofundishiwa kipaimara kiliandikwa kwa ajili ya nyumba. Martin Luther alitoa Katekisimu Ndogo mwaka 1529, baada ya kutembelea makanisa ya vijijini huko Saxony na kukuta watu waliobatizwa wasiojua hata Sala ya Bwana. Alipoiandika, juu ya kila sehemu aliweka maelekezo kwamba hivi ndivyo mkuu wa kaya anavyopaswa kuwafundisha watu wa nyumbani mwake, kwa njia nyepesi. Akaongeza sala ya asubuhi, sala ya jioni na sala za mezani, kabla na baada ya kula. Mtu haandiki sala ya mezani kwa ajili ya darasa. Huiandika kwa ajili ya meza. Mwalimu aliyekusudiwa alikuwa baba na mama, na mchungaji alikuwa wa kuwasaidia. Karne tano baadaye tumeugeuza mpango huo juu chini: mwinjilisti ndiye mwalimu, na mzazi anasaidia kwa kulipia sare.

Wakatoliki nao wana fundisho hilohilo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Kanisa ya mwaka 1964, uliitaja familia kuwa kama kanisa la nyumbani, na wazazi kuwa watangazaji wa kwanza wa imani kwa watoto wao kwa neno na kwa mfano. Miaka ya 1970 maaskofu wa Afrika Mashariki waliamua kuzifanya jumuiya ndogondogo za Kikristo kuwa msingi wa maisha ya Kanisa, wakitaka imani isiishie parokiani bali ifike uani, kwa majirani wanaojuana kwa majina. Hata hivyo, katekista anayeandaa watoto kwa komunyo ya kwanza ana kilio kilekile cha mwinjilisti wa Kilutheri: mtoto analetwa, mzazi haonekani.

Turudi kwenye mzizi wa yote, Kumbukumbu la Torati sura ya 6. Musa anawaambia Waisraeli kwamba maneno ya Mungu yakae kwanza mioyoni mwao, ndipo wawafundishe watoto. Kisha anataja mahali pa kufundishia: ukikaa nyumbani, ukitembea njiani, ukilala, ukiamka. Hekalu halijatajwa hapo. Yaliyotajwa ni mambo ambayo kila familia hufanya kila siku, iwe na shule au isiwe nayo. Mbele kidogo katika sura hiyohiyo kuna jambo ambalo mahubiri mengi hulipita haraka: Musa anasema siku moja mtoto atauliza maana ya amri hizi zote, na anampa mzazi jibu la kutoa. Jibu lenyewe ni masimulizi. Tulikuwa watumwa Misri, Bwana akatutoa. Mzazi anatakiwa aeleze yaliyowapata watu wake, na yeye mwenyewe akiwa ndani ya habari hiyo.

Wayahudi waliyachukua maelekezo hayo kwa uzito. Mwaka 70 Warumi walibomoa Hekalu la Yerusalemu, na dini iliyokuwa imejengwa juu ya makuhani na sadaka ikabaki bila madhabahu. Haikufa. Mpaka leo usiku wa Pasaka, familia ya Kiyahudi huketi mezani na kwa desturi mtoto mdogo kuliko wote huuliza kwa nini usiku huu ni tofauti na mingine, na wakubwa humjibu kwa kusimulia habari ya Misri. Dini hiyo ilivuka karibu miaka 2,000 ya kutawanyika, na moja ya nguzo zake ni mtoto anayeruhusiwa kuuliza na mzazi aliyejiandaa kujibu.

Historia ya Ukristo ina ushahidi wenye nguvu vilevile. Japani iliupiga marufuku Ukristo mwaka 1614. Mapadri walifukuzwa au kuuawa, na waumini walilazimishwa kukanyaga sanamu takatifu kuthibitisha kwamba wameikana imani. Tarehe 17 Machi 1865, padri Mfaransa, Bernard Petitjean, alikuwa katika kanisa jipya la Oura mjini Nagasaki, lililojengwa kwa ajili ya wageni, wakaja watu wa kijiji cha Urakami na kumnong'oneza kwamba wao ni wa imani moja na yeye, kisha wakamwomba awaonyeshe sanamu ya Bikira Maria. Kwa zaidi ya miaka 200 hawakuwa na padri. Walikuwa na mzee wa kubatiza, kalenda ya sikukuu waliyoikariri, na sala ambazo wazazi waliwafundisha watoto kwa siri. Marufuku hiyo iliondolewa mwaka 1873, na kwa vizazi vyote hivyo Kanisa lilikuwa limebebwa na nyumba.

Na sisi tunao mfano wetu. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig, Ujerumani, walifika Kilimanjaro mwaka 1893. Baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia Waingereza waliwaondoa Wajerumani, na kwa miaka kadhaa, mpaka walipoanza kurudi katikati ya miaka ya 1920, sharika za mlimani zilitunzwa kwa sehemu kubwa na walimu na wazee wa hukuhuku. Kanisa lingekuwa mali ya wageni, lingefunga mizigo likaondoka nao. Halikuondoka, kwa sababu lilikuwa limeshaingia katika familia za mgombani. Watoto wa miaka ile ndio waliokuja kuwa babu na bibi wa wengi wanaojaza makanisa ya Moshi, Arusha na Dar es Salaam leo.

Bibi huyo wengi tunamfahamu. Kitabu chake cha nyimbo kimepoteza jalada, kurasa za katikati zimeshonwa kwa uzi mweusi, na ndani yake mna stakabadhi za ahadi na kikaratasi chenye majina ya wagonjwa wa kuombewa. Jioni vyombo vikishaoshwa, huita watoto wote waliomo ndani, wake na wa jirani. Anaanzisha wimbo bila kufungua kitabu. Mdogo asiyejua kusoma anajua beti tatu. Halafu bibi anaomba, na katika sala yake kuna majina: mjomba aliye safarini, ng'ombe anayeumwa, mama fulani aliyegombana naye kisimani, ambaye anamwombea heri huku watoto wakisikia. Hapo mtoto amepokea mafundisho mazito juu ya msamaha, na hakuna aliyeandika ubaoni. Mtume Paulo alipomwandikia Timotheo aliikumbuka imani ya aina hii, akamtaja bibi yake Loisi na mama yake Eunike kwa majina. Timotheo akawa kiongozi wa kanisa, lakini Paulo alijua kazi ilianzia kwa wanawake wawili nyumbani.

Sasa tuzitazame nyumba zetu za mjini. Baba anatoka Mbagala au Kimara kabla ya jua kuchomoza kuwahi foleni, anarudi watoto wamelala. Mama naye yuko ofisini au dukani, na Jumamosi ana vikao vya harusi na vikoba. Mtoto akifika darasa la tano anapelekwa bweni, anarudi likizo na kukuta ratiba ya masomo ya ziada. Katika nyumba nyingi za namna hii, anayemfumbisha mtoto macho kabla ya kula na kumfundisha sala ya kulala ni dada wa kazi, binti wa miaka 18 aliyetoka Singida au Iringa na imani aliyoipata kwa mama yake. Namheshimu binti huyo, anafanya kazi takatifu ambayo haimo katika mshahara wake. Lakini mwenye nyumba ajiulize: mwanangu akikua, atakumbuka sala ya nani?

Siwasimangi wazazi. Ada, kodi na nauli si mchezo, na wengi wanajinyima wao ili watoto wasome. Ndiyo maana nasema kinachotakiwa ni kidogo kuliko tunavyodhani. Musa hakudai saa ya ziada katika siku. Alitaja saa ambazo tayari zipo. Dakika kumi za jioni zinatosha: wimbo mmoja, mistari michache ya Biblia, kila mtu aseme jambo moja la kushukuru na moja la kuomba, kisha mmoja aombe, leo baba, kesho mtoto. Safari ya kwenda shule ni nafasi nyingine. Aliye bweni anaweza kuombewa kwa jina siku ya kutembelewa au likizoni, akaambiwa nyumbani tunakutaja kila jioni. Baba anayerudi usiku anaweza kuishika Jumapili asubuhi isiporwe na kitu kingine.

Zaidi ya ratiba, kuna mambo matatu ambayo mtoto huyasoma kwa mzazi kuliko anavyosoma katekisimu.

La kwanza ni fedha. Mtoto anajua kama sadaka inatengwa kabla au inatafutwa mfukoni kikapu kikishafika. Anasikia baba akijadiliana kwa simu kuhusu "kitu kidogo" cha kumlainisha ofisa fulani. Anamwona mama akirudi dukani kumrudishia muuzaji shilingi 5,000 alizozidishiwa kwenye chenji. Tendo hilo la mama litamfundisha amri ya saba, ile ya kutoiba, kwa namna ambayo hataisahau hata akizeeka.

La pili ni kuomba radhi. Katika malezi yetu mkubwa hakosei mbele ya mdogo. Tumerithi hivyo, na heshima kwa wakubwa ni kitu chema. Lakini Mkristo anayeungama dhambi kila Jumapili mbele ya Mungu, halafu hajawahi kumwambia mwanawe "nisamehe, nilikuchapa kwa hasira na hukuwa na kosa", anamfundisha mtoto kwamba toba ni maneno ya liturujia tu. Baba anayeomba radhi hapunguki. Mtoto wake ndipo anapoona kuwa msamaha ni kitu watu wanachokitumia kweli.

La tatu ni maswali. Babu ameumwa, familia imefunga na kuomba, babu amefariki. Binti wa miaka tisa anauliza kwa nini Mungu hakusikia. Tukimkemea kwamba asimkufuru Mungu, atanyamaza, na ataendelea kuuliza moyoni peke yake mpaka siku atakapopata mtu mwingine wa kumjibu. Mzazi anaweza kukaa naye, akalia naye, akamwambia kwamba hata Yesu alilia kaburini kwa Lazaro, kwamba zaburi nyingi ni za watu waliomlalamikia Mungu, na kwamba kuna mengine baba hayajui ila bado anamtumaini. Jibu hilo halina kasoro za kitheolojia, na mzazi wa elimu yoyote analimudu. Vivyo hivyo tuache kumfanya Mungu fimbo ya kutishia watoto wasiokula ugali. Mtoto anayemjua Mungu kama askari wa zamu, akitoka nyumbani atafurahi kumkwepa.

Utafiti mmoja wa Marekani unaunga mkono jambo hili. Mwanasosholojia Vern Bengtson na wenzake walianza mwaka 1970 kufuatilia zaidi ya familia 350 za kusini mwa California, vizazi kwa vizazi, na mwaka 2013 alitoa kitabu kuhusu namna imani inavyorithiwa. Aligundua kwamba mfano wa mzazi peke yake hautoshi. Ukaribu na upendo ndani ya uhusiano ndivyo vinavyoipitisha imani, na ukaribu wa baba una uzito wa pekee. California si Kibaha, lakini tunaolea huku tunaitambua hali hiyo. Baba mcha Mungu ambaye watoto humwogopa na kutawanyika anapofungua geti anapanda mbegu kwenye mwamba.

Wapo wanaosema, tusimlazimishe mtoto, akikua atachagua mwenyewe. Hoja hiyo ina ukweli: imani ya kulazimishwa si imani, na kila mtu atasimama mbele za Mungu kwa miguu yake. Lakini hakuna nyumba isiyofundisha kitu. Mzazi asiposema neno juu ya Mungu, mtoto anajifunza kwamba Mungu si wa muhimu, na nafasi ile inajazwa na simu, matangazo ya kamari na manabii wa mtandaoni wanaouza mafuta na maji ya miujiza. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu haumsubiri akue kwanza.

Wapo wengine ambao nawaandikia kwa uangalifu zaidi: wazazi waliofanya yote haya na bado mtoto ameondoka. Biblia haifichi maumivu hayo. Eli alimlea Samweli vizuri hekaluni, huku wanawe mwenyewe wakipotoka, na Eli alikemewa kwa kutowazuia. Lakini Samweli naye, ambaye hakulaumiwa hivyo, wanawe hawakufuata njia zake, walipokea rushwa. Imani ni kipawa cha Mungu, mzazi hana kiwanda chake. Monika, mama wa Afrika ya Kaskazini, alimwombea mwanawe Agostino miaka mingi huku kijana akizunguka katika mafundisho mengine na maisha mengine. Agostino, aliyezaliwa Thagaste mwaka 354, alibatizwa na Ambrosi mjini Milano usiku wa Pasaka mwaka 387, na mwaka huohuo mama yake akafariki Ostia, akiwa ameyaona aliyoyaomba. Si kila mzazi anayaona kabla ya kufa. Kazi yetu ni kupanda na kumwagilia kwa uaminifu, na kumwachia Mungu yaliyo yake bila kuacha kuomba wala kufunga mlango.

Kwa makanisa yetu nina ombi. Kijana anapoandikishwa kipaimara, waandikisheni na wazazi wake. Wakutane na mwalimu angalau mara moja kwa mwezi, wapitie sehemu ileile wanayofundishwa vijana, wapewe kazi ya kufanya nyumbani: wiki hii zungumzeni mezani kuhusu amri ya nane, ya kutomshuhudia jirani uongo, na kila mmoja aseme ni wapi imemshinda. Mzazi asiye na mwenza asiachwe peke yake, wazee wa kanisa wamshike mkono, na wasimamizi wa ubatizo wakumbushwe ahadi waliyoitoa pale mbele, maana wengi huonekana tena siku ya zawadi. Parokia zifanye hivyo kwa watoto wa komunyo ya kwanza. Halmashauri ya usharika inayoweza kukusanya mamilioni ya ujenzi kwa msimu mmoja haiwezi kushindwa kupanga vikao 24 vya wazazi kwa miaka miwili.

Na kwetu wazazi, tusisubiri mwongozo kutoka dayosisi. Leo jioni zima televisheni, ita watoto na dada wa kazi, fungua Kumbukumbu la Torati sura ya 6 na uwasomee. Ukimaliza, wasimulie jinsi wewe ulivyomjua Mungu: nani alikufundisha kuomba, ni wakati gani ulitaka kuacha, na kwa nini hukuacha. Kama hujawahi kufanya hivyo utaona haya mwanzoni, na watoto wanaweza kucheka. Endelea. Habari hiyo hakuna mwinjilisti, katekista wala kitabu kinachoijua, na wewe usipoisimulia watoto wako hawataisikia kwa mtu mwingine yeyote.